Mayai ya Jiwe la Tatu

Tonton, mdogo wake papa, anamaliza biolojia chuoni. Mémoire yake, andiko la kumalizia masomo, inahusu konokono wadogo wa mto Tshopo, wale wenye gamba kama kofia wanaong'ang'ania mawe penye maji ya kasi. Anataka kujua wanataga lini: maji yakishuka au yakipanda. Jumamosi anafanya kazi kwenye duka la dawa, kwa hiyo alinituma mimi. Mawe matatu aliyatia alama ya vernis nyekundu ya kucha. Mimi nihesabu vifuko vya mayai, vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, vyeupe kama ute, niandike daftarini.

Jumamosi ya kwanza nilikuta mama mmoja amekalia jiwe la tatu, anafua. Nikasimama tu, mpaka akaniona.

"Weye mutoto, unaangalia nini chini ya matako yangu?"

"Mayai, mama," nikasema kwa sauti ndogo.

"Mayai! Ba-mama, kujeni musikie! Mutoto huyu anasema niko nataga!"

Wakacheka wote. Mmoja akauliza kama namtafuta na jogoo. Niliona haya mpaka machozi, na jiwe la tatu sikulikaribia tena. Mawili ya kwanza nilihesabu kweli, kila Jumamosi, nimelala kifudifudi, kidevu majini. La tatu niliandika tu: kumi na moja, kumi na tatu, kumi na mbili.

Kisha mvua zikanyesha, mto ukapanda. Kwenye mawe mawili mayai yakapungua mpaka hayakuwepo. La tatu nikaandika kumi na mbili, bila kufikiri.

Jana jioni tonton alifungua daftari tukiwa tunakula lituma ya ndizi. Akaacha kula.

"Ona! Jiwe la tatu wanataga hata maji yakipanda! Donc pale kuna kitu. Hiyo ndiyo conclusion yangu!"

Jumatatu alikuwa ampelekee profesa kazi yake, ili aitetee mbele ya maprofesa kikao hiki cha mitihani. Akaanza kuimba. Nikarudisha tonge la lituma sahanini.

"Tonton, la tatu nilidanganya."

"Namna gani?"

"Sikuhesabu. Kulikuwa mama anafua pale. Niliona haya."

"Mara ngapi?"

"Zote."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Na la kwanza? Na la pili?"

"Hayo nilihesabu, tonton. Naapa."

"Bon. Na mimi nitajua je?"

Akachukua bic, akavuta mstari kutoka juu mpaka chini ya ukurasa, ukapita mawe yote matatu. Kikao hiki kimemponyoka. Leo asubuhi ameomba ruhusa kazini, ameenda mtoni mwenyewe na daftari jipya. Nilikuwa nimeshavaa kandambili, nangoja mlangoni. Alinipita, hakuniambia nimfuate.