Ngome ya Bure

Jina la Mama Pasi alilipata kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, alikonyoosha mashuka kwa miaka kumi na tisa. Wenzake wengi hawakujua kwamba alikuwa akicheza sataranji kwa barua. Mpinzani wake alikuwa fundi saa wa mji mwingine, ambaye walikutana ana kwa ana mara moja tu, kwenye mashindano. Tangu hapo kila mmoja aliandika hatua moja kwenye kadi, akaitia posta, akasubiri zamu yake. Michezo minne ilikwisha, kila mmoja kashinda miwili.

Mchezo wa tano ulikuwa umeingia mwaka wa pili fundi saa alipolazwa huko kwao kwa ugonjwa wa moyo. Kadi yake iliyofuata ilikuja na mwandiko wa kutetemeka, na hatua yenyewe ilikuwa ya ajabu: ngome yake kaiweka mahali ambapo farasi wa Mama Pasi angeila bila jasho.

Mama Pasi aliutazama ubao siku tatu. Mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye, alimwambia aile tu yaishe. Lakini roho ilimsuta. Akamwandikia fundi kwamba kama mkono uliteleza, yuko radhi arudie hatua.

Jibu lilikuwa fupi: "Dada, kinachouma ni moyo, kichwa kizima. Cheza."

Basi akaila. Kadi iliyofuata ikamleta malkia wa fundi mbele ya mfalme wa Mama Pasi, ambaye farasi alipoondoka alibaki bila mlinzi. Mfalme akakimbilia kulia, malkia akamfuata. Akarudi kushoto, malkia naye akarudi. Kadi zikaenda na kurudi hivyo hivyo, mpaka siku moja, shuka likiwa mkononi, Mama Pasi akaelewa. Kabla ya hapo yeye ndiye aliyekuwa anakaribia kushinda, na mgonjwa alikuwa amejiokoa kwa kuitoa ngome ile: sasa mfalme angekimbizwa hivyo bila mwisho, na hakuna ambaye angeshinda.

Alicheka peke yake hadi wenzake wakageuka. Kisha akaona haya, maana muda wote huo alikuwa akimhurumia mtu aliyekuwa akimchezea akili.

Jioni ile aliandika: "Kaka, umeniweza. Tukubaliane sare. Na pole ya kulazwa sikuwahi kukupa, nilikuwa nawaza ngome."

Fundi saa alikubali. Pole akaipokea, akamwambia ameruhusiwa kurudi nyumbani, na chini ya kadi akaandika hatua ya kwanza ya mchezo wa sita.