Glasi ya Maji ya Tutani

Mimi ni mdadisi. Mama yangu husema nimezidi. Kwa hiyo asubuhi ile ya masika, nilipoona nyasi zimelowa upande wa nje wa bwawa letu, sikupita tu. Nilipapasa chini. Maji yalikuwa yanachuruzika taratibu kwenye mashina ya mihogo yangu.

Bwawa lenyewe ni tuta la udongo tulilojenga wenyewe, hapa jirani na Chanzuru, kuzuia mafuriko ya korongo. Tulibeba udongo kwa ndoo, tukaushindilia kwa miguu. Fundi aliyetusimamia alituonya: juu ya tuta ni nyasi tu, msilime. Tukaitikia wote. Lakini jamani, udongo ule ulivyokuwa laini! Masika hayajarudi, nilishachomeka mihogo, mistari miwili tu, upande wa nje. Nyumba ya mama iko chini ya tuta hilo, hatua chache.

Nikampigia fundi simu. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Kinga hayo maji kwenye glasi kila siku. Yakiwa safi, usiogope. Yakiwa na udongo, tuta linaliwa ndani. Mtoe mama."

Siku ya kwanza, safi. Niliinua glasi juani nikaitazama kama mtoto, nikishangaa maji yanapenyaje ukuta mnene vile. Siku ya pili, safi. Siku ya tatu, chai ya maziwa. Mungu wangu! Nilipiga yowe.

Majirani walikuja mbio na viroba vya mchanga, wakazungushia pale maji yalipotokea. Mmoja akafunua majani, akakuta mashimo ya panya yamefuata mihogo mpaka ndani ya tuta. "Shamba la nani hili?" Nikainama kubeba kiroba kingine.

Mama miguu haimbebi, tukampakia kwenye bodaboda kwenda shuleni, kwenye mwinuko. Nilikaa nyuma nimemshika.

"Nani amelima pale juu?" akaniuliza.

"Mimi, mama."

Tulipomaliza kuvuka tope, akauliza tena. "Ile mihogo ya Jumapili, niliyokuomba uniongeze?"

"Ndiyo hiyo."

"Kumbe nilikuwa nakula nyumba yangu."

Tuta lilihimili, na mama alirudi kwake. Lakini siku za mvua hanywi chai kabla sijamletea ile glasi. Huipeleka mwangani, huitazama mpaka chini. Mihogo, hata ya sokoni, hagusi tena.