Viti vya Mama Débora

Ting! Kijiko juu ya chupa tupu ya Fanta. Hivyo ndivyo wengi pale Kamina wanavyomkumbuka Mama Débora Kyungu. Chupa ilikuwa tupu kwa sababu ya vita: soda ilikuja kwa treni, na treni ilikuja siku ilipojisikia. Lakini Mama Débora akigonga, hata maprofesa walinyamaza.

Kazi yake ilikuwa usekretari katika chuo kikuu kimoja kidogo cha mjini. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa katika karamu ya kila mwaka, ambapo wanafunzi hula pamoja na walimu wanaowasimamia. Viti alivipanga yeye, kama mtu anayepanga ndoa: huyu na huyu, hao wawili hapana. Mwanafunzi aliyehamisha kiti chake alirudishwa kwa kushikwa sikio, hata kama alikuwa na ndevu.

Mwaka ule kambi ya jeshi ilijaa askari, na ndege zilipita chini chini juu ya mabati mpaka hotuba zikasubiri. Karamu ikawekwa mchana, watu wawahi nyumbani.

Mama Débora alikuwa na jambo moja tu rohoni: Mama Albertine, mwenzake wa kwaya, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi kusoma chuoni akiwa na wajukuu. Mémoire yake, ile kazi ndefu ya kumaliza masomo, ilikuwa tayari. Ilibaki msimamizi wake, Profesa Ézéchias, akae naye, amuulize maswali, kisha atie sahihi. Na Profesa alikuwa amepata nafasi ya kwenda Lubumbashi. Treni ikifika tu, anaondoka, na nani ajuaye atarudi lini.

Cha ajabu, Profesa alikuwa akimkimbia. Akimwona Mama Albertine getini, alikata kupitia shamba la mahindi, suti na yote.

"Anakimbia kazi," Mama Débora alikata shauri. "Nitamukalisha minyi mwenyewe."

Mama Albertine, aliyemheshimu kama dada mkubwa, yaya, alimfuata ofisini. "Yaya Débora, kuna neno juu ya Prof..."

"Maneno yote iko mu programu. Weye vaa muzuri, basi."

Siku ya karamu akawawekea meza ya watu wawili, katikati kabisa ya ukumbi. Bukari moja, ugali mkubwa unaofuka moshi, sahani moja ya samaki wa ziwa Kisale walioletwa kwa baiskeli kutoka Kabondo-Dianda.

Profesa aliingia akicheka, mikono ameshanawa. Akaona aliyeketi pale. Mama Albertine akajifunika uso kwa kitenge. Profesa akageukia mlango, na mlangoni alisimama Mama Débora.

"Prof, kiti yako iko pale."

"Mama, siwezi."

"Hauna njaa?"

"Niko nayo sana! Ile njo shida!"

Sauti ikatoka ndani ya kitenge: "Yaya, nilitaka kukuambia! Ule muntu iko mukwe yangu! Mwezi ule mwingine alioa mutoto ya mudogo yangu, kule Kabondo!"

Ukumbi mzima ukasema "Eeeh!" Kwa Waluba, mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe, wala hamtazami usoni, na dada mkubwa wa mama mkwe ni mama mkwe yule yule. Mama Débora, Muluba wa kuzaliwa, alikuwa ameipika aibu hiyo kwa mikono yake na kuipakua kwenye sahani moja.

"Mama Débora," akapaza sauti Zébédée, mwanafunzi mrefu aliyependa mzaha, "mara hii umepanga talaka!"

Kabla hawajamaliza kucheka, treni ikapiga honi upande wa stesheni. Profesa akashtuka. Mama Albertine akaanza kulia taratibu.

Mama Débora akafungua kitenge chake cha juu, kile kizuri cha akina mama wa kanisa. "Zébédée, weye mwenye kinywa, shika huku. Juu! Mwepu, weye wa pembeni yake, shika kule. Bukari itoke!"

Pazia likasimama. Profesa upande huu, mama mkwe upande ule. Akauliza. Akajibiwa, kwanza kwa sauti ya kutetemeka, kisha kwa sauti ya mwalimu aliyezoea darasa la watoto themanini.

"Hapana, mukwe. Rudia kusoma ule ukurasa."

"Ndiyo, mama. Kweli, mama."

Ndege ikapita, wakangoja, kitenge kikipepea. Mwishowe mkono wa Profesa ukapenya chini ya pazia, ukachukua karatasi, ukairudisha na sahihi.

"Umefaulu, mama," alikiambia kitenge. "Tena muzuri sana."

Vigelegele! Profesa akatoka mbio, samaki wake amefungiwa majanini. Nyuma yake wakafuata walimu wengine, na wanafunzi ambao kwao ni njiani, Luena na mbele yake, maana treni ya vita haikungoja mtu. Punde si punde viti vikabaki vyenyewe, bado vimenyooka kwenye mistari.

Mama Albertine akashika pembe mbili za kitenge, Mama Débora mbili, wakakikunja.

"Yaya, mwaka kesho utatukalisha namna gani?"

Mama Débora aliangalia viti. Akachukua kijiko, akakirudisha mezani bila kugonga.

"Wakirudi bote," alisema polepole, karibu asisikike, "kila muntu akae pale anapenda."