Povu la Machungwa

Wiki jana nilinusa kila sabuni ya kunyolea madukani Emali, zote mnanaa na marashi, hadi muuzaji mmoja akaniuliza, "Dada, unanunua ama unanusa tu?" Nilitaka inayonukia machungwa. Siku hizi mimi ndiye ninayemnyoa Baba, na kila povu ninalompaka analikataa.

Nilipokuwa mdogo, alinyoa ndevu Jumamosi alasiri, tayari kwa kanisa. Alitundika kioo ukutani nje ya jikoni, wembe ukawa unakwaruza kama panya ndani ya gunia, kisha akanipaka povu puani. Lilinukia machungwa. Niliamini hiyo ni sabuni ya bei, ya wanaume peke yao.

Jana, Baba aliposukuma mkono wangu tena, nilimlalamikia Mama.

"Sabuni gani, Mwende? Hiyo ilikuwa kipande cha sabuni ya kufua nguo. Baba yako alikuwa anashinda akichuma machungwa yetu hapa nyumbani. Ni mikono yake ilikuwa inanukia."

Nilibaki nimeshika brashi, povu likinikaukia vidoleni. Mchungwa wa mwisho tuliukata sisi watoto wake, tupate mahali pa kumjengea chumba hiki.