Mdomo wa Koboko

Mjukuu wangu aliniambia siku ya Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, tukiwa bado tumekaa kwenye mkeka hapa nyumbani Arua. Anasoma madrasa ya wasichana, na mwaka huu wameanza kufundishwa matamshi, kila herufi ya Kurani inatokea wapi mdomoni.

"Haboba," akasema. Ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. "Mdomo yako inaenda pembeni."

"Inaenda wapi?"

"Kulia. Ukifika mwisho ya Fatiha, kwa ile herufi ya dhadi. Kama mutu anatafuta nyama imekwama kwa meno."

Nikacheka, naye akacheka. Halafu akaongeza, kwa upole, kwamba wao wameambiwa dhadi inatoka ubavu wa ulimi, upande wa kushoto, na kwamba anayeharibu herufi ndani ya Fatiha sala yake ina shida. Hapo kicheko kiliniishia. Fatiha ile nimesali nayo tangu sijavunja ungo. Nimewasomea wafu wangu wote. Kama ilikuwa mbovu miaka yote hiyo, sala zangu zilikwenda wapi?

Mdomo huo niliutoa Koboko. Huko ndiko nilikozaliwa, na mwalimu wetu alikuwa mama mmoja, mjane wa askari. Jina lake ninalo, na majina ya wasichana wote tisa tuliosoma kwake ninayo, pamoja na ya mama zao, lakini wengi wametangulia na sikuwaomba ruhusa, basi nayaacha yakae kwangu.

Alifundisha huku anasuka kawa za kufunikia chakula. Hakututazama. Ukindu wa rangi nyekundu na wa kijani ulipita vidoleni mwake, sisi tukisoma mmoja mmoja, naye alimjua kila mtu kwa sauti. Mikono ikiendelea, umepata. Mikono ikisimama, unarudia. Siku nyingine kawa haikuongezeka hata duara moja, na aliulizwa sokoni kwa nini anachelewesha kazi za watu. "Ninao wasichana tisa," alijibu, "na wote ni wabishi."

Sasa, magego yake ya kushoto yalikuwa yamekwisha yote. Kwa hiyo dhadi aliitolea kulia, ambako ulimi bado ulipata pa kuegemea, na kila alipoitoa shavu lake la kulia lilipanda kidogo na jicho likafinya. Sisi tulidhani shavu nalo ni sehemu ya herufi. Tukajifunza yote kwa pamoja. Nikikumbuka safu yetu kwenye mkeka, wasichana tisa wenye meno mazima, wote wanapandisha shavu la kulia kwa wakati mmoja, ninamwonea huruma aliyetupita njiani. Hata baadaye, ukimkuta mwanamke mgeni kwenye maombolezo, Arua au Inde, ukaona shavu limepanda mwishoni mwa Fatiha, ulijua huyu ni wa kwetu.

Lakini Jumamosi ile kumbukumbu hiyo haikunifariji. Siku mbili nilisali kwa wasiwasi. Jumatatu nikapanda boda nikaenda madrasa kwa ustadhi wao. Ni kijana kwangu, mdogo kuliko kitindamimba wangu. Nikamwambia nimekuja kusomewa hukumu.

"Hapana, Mama, wewe ndiyo utasoma," akasema. "Mimi nasikiliza."

Nikasoma. Mjukuu wangu alikuwa mlangoni anatazama viatu vyake. Nilipomaliza, ustadhi alianza na mwisho.

"Dhadi iko sawa," akasema. "Wengi wanatoa kushoto kwa sababu iko rahisi. Kulia iko ngumu zaidi. Mutu alikufundisha alijua kazi yake. Shavu tu ndiyo haina kazi."

Nilitaka kuinuka nimshukuru nirudi nyumbani. Akaniinulia mkono.

"Lakini Mama, kwa *iyyaka na'budu*, ile ayni ya kooni iko wapi?"

Nilijua iko wapi. Sisi Wanubi lugha yetu ya nyumbani ni Kiarabu kilichotembea sana na askari, na herufi za kooni zilibaki njiani. Watoto wa Kinubi tulikuja kusoma na majivuno, tukiamini Kiarabu ni chetu. Msichana wa Kikakwa aliyetoka Kuluba, ambaye hakujua hata neno moja, aliipata ayni kwa wiki mbili. Mimi mikono ya mwalimu ilinisimamia kila siku hapo hapo. Siku moja nikamwambia mwalimu, "Kwetu tunasema hivi."

"Kwenu unaita mbuzi," alinijibu. "Hapa unaita Mungu."

Nikaisema vizuri siku ile ili mikono iendelee, na nilipoolewa nikaiacha. Kosa halikuwa lake hata chembe. Lilikuwa langu.

Nilimuuliza ustadhi kuhusu sala za nyuma. Akasema nilisali kwa mdomo niliokuwa nao, na Mwenyewe anapokea. "Lakini sasa umejua," akasema, na hapo alikuwa mkali kidogo.

Kwa hiyo ninasoma tena. Mjukuu wangu ananikalisha kila alasiri, na hana subira hata kidogo.

"Tena, Haboba."

"Koo imechoka."

"Koo yako inagombana na majirani kutwa, haichoki. Tena."

Jana kwenye sala ya magharibi nilifika *na'budu* nikatulia, nikaivuta ayni kutoka chini kabisa, ikatoka nusu. Nikapumua, nikaingia *wa iyyaka nasta'in*, ambamo ayni nyingine ilikuwa inanisubiri.