Mpwa wangu alituzwa noti uwanjani Riyadh, chuo kikamwita mchezaji wa kulipwa

Wakuu, kwema humu?

Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea. Anayetaka kusema hii ni chai, ruksa, leo sina nguvu ya kubishana na mtu.

Mimi ni mtu wa Tanga, dereva wa familia moja hapa Al-Suwaidi, Riyadh. Mwaka wa kumi na kitu huu, nimeshaacha kuhesabu.

Dada yangu ana mtoto, tumwite Nassor. Kichwa kweli kweli. Alipata scholarship ya chuo hapa hapa Riyadh: hosteli bure, chakula bure, ikama yake, yaani kibali cha kuishi huku, chini ya chuo. Dada alilia siku ile mpaka majirani wakadhani kuna msiba.

Na mguu anao. Hajamaliza mwaka wa kwanza, tayari striker wa timu ya chuo.

Sasa sisi watu wa pwani tulioko huku, kila Idi tuna mechi yetu. Riyadh na Jeddah. Wao wanatuita watu wa vumbi. Sisi tunawaita watu wa jasho, maana Jeddah mtu unatoka kuoga na shati linalowa kabla hujafunga vifungo. Ni utani, lakini utani wenye meno. Kuna mashemeji waliacha kupigiana simu sababu ya penalti, siwatanii.

Mkali wao wa maneno ni rafiki yangu Seif. Kazaliwa Jeddah, wazee wake walitoka Unguja zamani zile, ana duka la simu Sharafiya. Nikienda Umra nalala kwake. Mechi ikikaribia hatujuani.

Idi ninayoisema, Nassor keshafika mwaka wa tatu, ilikuwa zamu yetu kuwakaribisha. Tulikodi istiraha nje ya mji, zile nyumba za mapumziko zenye ukuta mrefu na kiwanja cha nyasi bandia. Wanawake upande wao na masufuria ya biriani, watoto kwenye bwawa.

Nassor akafunga la kwanza. La pili akapiga kwa kisigino, aisee, kipa wa Jeddah alibaki amekaa chini anaangalia watu.

Uwanja ukajaa. Mnajua tena mambo yetu, mtu akikufurahisha unamtuza, awe mwimbaji, awe bwana harusi, awe mpiga ngoma. Noti zikachomekwa kwenye kola, kwenye soksi, nyingine wakambandika kwenye paji la uso lenye jasho. Hata wa Jeddah wawili watatu walimtuza. Ile kwetu ni heshima, si mshahara.

Na simu zote zilikuwa juu zinarekodi.

Haikupita wiki, Nassor akanipigia. "Mjomba, naitwa ofisini chuo. Wanataka nije na mkubwa wangu."

Hapa niwaeleze kidogo. Msimu ule vyuo vilikuwa vimechafuka. Mashabiki wenye fedha walikuwa wakiwalipa wanafunzi wanaocheza mpira, kinyemela, na ni marufuku. Mwanafunzi halipwi kwa kucheza, na mwenye scholarship ndiyo kabisa. Chuo chake kilishaguswa na kesi hiyo, kwa hiyo walikuwa wanatafuta pa kuonyesha kwamba wao ni safi.

Alitupokea mzee mmoja mstaarabu, akatumiminia kahawa, akatugeuzia kompyuta. Ile clip. Nassor katikati anacheka, noti zinaning'inia.

Nikaeleza kwa Kiarabu changu cha barabarani. "Ya sheikh, hii ni mila yetu. Ni furaha tu. Hata harusini tunafanya."

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Nassor, si mimi: "Usingefunga, wangekupa?"

Nilishafungua mdomo nijibu. Kijana akaniwahi.

"La. Wasingenipa."

Jamani. Nilitamani kumfinya paja! Ndivyo dada alivyomlea, ukweli mbele hata kama unakuja na panga.

Mzee akashusha pumzi. Akasema habari ya mila anaiamini, lakini kijana kapokea fedha kwa sababu ya bao, na alisaini kwamba hatafanya hivyo. Wale wenyeji waliolipwa hela ya maana nasikia walifungiwa mechi tu. Nassor scholarship ikafutwa. Na scholarship ikifutwa, ikama nayo halas. Exit ya moja kwa moja, arudi kwao, akiwa mwaka wa tatu.

Nilimpeleka airport mwenyewe. Aliniuliza kitu kimoja tu njiani: "Mjomba, mama nitamwambia nini?"

Nililia kwenye parking, mwanaume mzima na ndevu zangu.

Baada ya siku chache Seif akapiga. Nikajua ni yeye aliyeipeleka ile clip hata kabla hajasema, maana Seif haanzi simu bila matusi ya kirafiki, na siku hiyo alianza na salamu ndefu.

"Ndugu yangu, mie ndo nlowapelekea chuo ile video. Nlitaka wamzuie tu, asije kucheza mechi ya marudio huku kwetu. Wallahi nlidhani watamfungia mechi moja. Nani alojua watamrejesha kwao?"

Nikamwambia: "Futa namba yangu, Seif."

Marudio yalichezwa Jeddah. Tukafungwa. Group letu la Riyadh lilizozana wiki nzima kuhusu beki wa kulia. Kuhusu Nassor walizungumza siku moja, wakapoa.

Kule nyumbani kuna chuo kilikubali kumpokea, ila ada dada hana. Nikaandika kwenye group, kwa adabu zote, naomba tumchangie kijana wetu.

Wakuu, wale watu waliokuwa wanasukumana kumbandika noti usoni, wote kimya. Mmoja kaandika "Allah amfanyie wepesi." Mwingine kauliza nani anamjua striker mzuri, maana Idi inakaribia.

Sikulala vizuri kwa hasira, nasema kweli.

Kisha hela ikaingia kwangu kutoka Jeddah, kwa Seif; nadhani habari ilimfikia kupitia mashemeji. Ada yote. Ujumbe mfupi: "Usimwambie imetoka kwangu." Nilikaa nayo siku kadhaa, roho inakataa. Mwisho nikamtumia dada, nikamwambia ni ada ya mtoto, basi.

Juzi Nassor, ambaye bado yumo kwenye group, akatuma voice note.

"Wazee wangu wa Riyadh, Mungu awalipe. Nilidhani mmenisahau. Nimeshaanza masomo."

Nikashika simu nangoja. Nikasema hapa lazima atokee mmoja aseme, kijana, si sisi.

Ikaanza kumiminika mioyo na makofi. Admin akaandika: "Wewe ni mwanetu, hatuwezi kukuacha."

Hakuna hata mmoja aliyekana.

Nilichojifunza ni kwamba yule mzee wa chuo aliuliza swali la haki kabisa, na kijana alijibu sawa. Mwenye mtoto mwenye kipaji, asidanganyike na makofi. Watu wanapenda bao, mfungaji wanamuazima tu.

Sasa nishaurini, kwa busara au kwa matusi, nitasoma yote. Nikimwambia Nassor ukweli, namjua yule, ataacha chuo siku hiyo hiyo ili hela irudi kwa Seif. Nikinyamaza, ataendelea kuwaombea dua watu waliomsahau, huku mtu pekee aliyemlipia ndiye aliyemrudisha nyumbani.

Na jana admin kanifuata inbox, anauliza kama mdogo wake Nassor naye anacheza.