Ndani ya Mkono wa Kochi

Wateja walimwita Mama Misumari, kwa sababu kila aliyeingia karakanani kwake alimkuta na misumari midogo imejaa mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuigongomea kwenye kochi bila hata kuitazama. Ufundi huo alifundishwa na baba yake, na karakana ile ya vyumba viwili, kimoja cha kushonea na kimoja cha kugongea, ilikuwa ya baba yake kabla haijawa yake. Mumewe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, mtu wa kulala nyumbani wiki moja na kuondoka tatu. Kwa hiyo siku nyingi waliokuwapo ni yeye na mama mkwe wake, bibi wa miaka sabini na ushei, mwenye macho makali na neno la kusema juu ya kila kitu.

Mama Misumari hakuwa mtu wa kutulia tangu zamani, lakini mwaka ule ilizidi. Mtaa wa pili lilifunguliwa duka kubwa lililouza makochi mapya, yamefungwa nailoni, na watu wakaanza kutupa ya zamani badala ya kuyaleta yakarabatiwe. Zilipita siku nne mfululizo bila mtu kuingia karakanani ila wa kuuliza njia. Akawa anafagia mara tatu kwa siku. Anapanga mikasi, anaipangua. Anakwenda mlangoni, anachungulia huku na huku, anarudi ndani kama aliyesahau kitu. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alipopita kumjulia hali akamwambia aweke chini ufagio, ajirekodi akiwa kazini na kuweka video mtandaoni, watu waone jinsi kochi bovu linavyorudi kuwa zima. Akamfungulia ukurasa palepale, akamwonyesha pa kubonyeza, akaenda zake.

Video ya kwanza aliirekodi peke yake, simu kaiegemeza kwenye kopo la gundi. Alieleza kwa dakika sita namna ya kukaza mkanda chini ya kiti, akaridhika na nafsi yake. Alipoitazama, kichwa chake hakikuwemo, na maneno hayakusikika vizuri kwa kuwa alisahau kutema misumari. Katikati simu iliteleza, na dakika mbili za mwisho zilikuwa za dari. Aliipandisha vivyo hivyo. Ilitazamwa na watu kumi na saba, kumi na wawili kati yao wakiwa ndugu. Mumewe alipiga simu kutoka safarini akasema ameipenda, hasa dari.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingilia kati. Alisema kama ni kazi ya kushika simu tu, mikono yake bado iko imara, na tena yeye hana cha kufanya mchana kutwa. Akawa mpiga picha. Ikabidi wajifunze pamoja, kwa kukosea. Waligundua kwamba mwanga mzuri ni ule wa mlangoni asubuhi, na kwamba ukiupa mlango mgongo unaonekana kivuli kitupu. Waligundua kwamba fundi wa pikipiki wa jirani akiwasha injini hakuna kinachosikika, hivyo wakapatana naye awape robo saa ya kimya. Mama mkwe alijifunza kutozungumza wakati wa kurekodi, ingawa si sana. Katika video ya nne sauti yake inasikika wazi ikisema, "Geuka kidogo mwanangu, huko nyuma gauni limebana."

Video hiyo ilitazamwa na watu mia tatu. Ndipo Mama Misumari alipoanza kuumwa na ugonjwa wa namba. Alikuwa akigonga misumari miwili anakwenda kuangalia simu. Anashona mstari mmoja, anafuta mikono, anaangalia tena. Mtu mmoja akiandika "safi sana fundi", anatembea na neno hilo hadi jioni. Mwingine akiandika kwamba anaongea kama anayefukuzwa, hali chakula vizuri. Siku moja alikata kitambaa cha mahameli cha mteja manyoya yakiangalia juu badala ya chini, kosa ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa mwanafunzi wa baba yake. Alilitazama kosa lile, akaweka mkasi, na mkono wake ukaenda wenyewe kuchukua simu.

Wakati akiwa katika hali hiyo ndipo lilipoletwa kochi la karani. Karani huyo alikuwa amestaafu kazi ya posta, mtu mpole aliyevaa shati la kufungwa hadi kifungo cha juu. Kochi lake lilikuwa la watu watatu, la kitambaa cha maua makubwa ya zambarau yaliyofifia, na miguu iliyochongwa kama kwato. Alitaka livalishwe upya. Alisema hana haraka, akaaga na kuondoka polepole.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe akashika simu, Mama Misumari akashika kisu, wakaanza. Alipopasua mkono wa kulia wa kochi, badala ya sponji zilitoka nguo. Masweta manne ya shule, ya kijani, yamekunjwa na kubanwa kwa uzi wa nailoni. Blanketi jembamba la mtoto. Shati la kazi la rangi ya kahawia. Vyote vimeshindiliwa kwa ustadi hadi vikawa kitu kimoja kigumu.

Akacheka. Hakuwa amepanga kucheka. Kicheko kilimtoka, na alipoona simu inamwangalia, akakiendeleza. "Jamani, huyu fundi alikosa sponji au alikosa haya?" alisema. "Mteja analipia kochi, anawekewa matambara. Tazameni. Hii ni sare ya shule. Bado kidogo tumkute na mwanafunzi mwenyewe." Akavuta sweta moja baada ya jingine, akiyarusha sakafuni, kila moja na mzaha wake. Mama mkwe alicheka mpaka picha ikatikisika.

Waliipandisha kabla ya adhuhuri. Kufikia jioni ilikuwa imetazamwa na watu elfu tisa, na kesho yake mchana arobaini na mbili elfu. Simu ikawa haipoi. Watu watano waliulizia karakana iko wapi, na wawili wakaja kweli na viti vyao. Mama Misumari alikuwa anatembea chumba hiki hadi kile akisoma maoni kwa sauti, anakaa, anainuka, anasoma tena, moyo unamwenda mbio kama aliyekunywa kahawa birika zima.

Neno lililomsimamisha lilikuwa fupi. Mwanamke mmoja, picha yake ndogo hata uso hauonekani vizuri, alikuwa ameandika: "Hilo kochi ni la kwetu. Aliyejaza hizo nguo ni mama yangu. Masweta ni yetu sisi watoto wake. Mama hayupo tena. Asante kwa kutuchekesha."

Alilisoma mara tatu. Mara ya nne hakulisoma kwa sauti. Mama mkwe akamuuliza kuna nini, naye akampa simu. Bibi aliisogeza mbali, akaileta karibu, akasoma kwa midomo, kisha akaiweka juu ya meza kifudifudi.

Kabla hawajajua la kufanya, karani mwenyewe alikuwa mlangoni.

Mama Misumari alimwamkia. Mzee aliitikia kama kawaida. Alieleza kwamba binti yake amempigia simu kutoka mji anakoishi, analia, na kwamba yeye mwenyewe hana simu ya kuonyesha video na wala hataki kuiona. Akasimulia kwa ufupi, kama anayejaza fomu: mkewe alilitengeneza kochi lile upya mwaka ambao mshahara wa posta ulisimamishwa miezi minane. Sponji haikuwezekana. Alichukua masweta ambayo watoto walikuwa wamekua wakayaacha, na shati la posta, akakaa siku tatu sakafuni na sindano ya kushonea magunia.

"Baba, nisamehe," Mama Misumari alisema. "Sikujua."

"Usingeweza kujua," mzee alijibu. "Lakini ungeweza kuuliza." Akaangaza macho sakafuni. "Sikuja kwa ajili ya simu, fundi. Nimekuja kuchukua hizo nguo."

Mama Misumari alimgeukia mama mkwe, na uso wa mama mkwe ukamwambia kila kitu. Jana yake fundi wa pikipiki alikuja kuomba matambara ya kufutia mikono, kama alivyozoea, na bibi alimpa furushi zima la zile nguo.

Hakungoja. Alimwomba mzee akae, akatoka mbio na ndala mguu mmoja, akaingia kwa jirani akipekua chini ya meza, ndani ya ndoo, nyuma ya matairi, huku fundi wa pikipiki akiuliza kulikoni na yeye hana pumzi ya kujibu. Masweta mawili aliyakuta mazima juu ya kreti. La tatu lilikuwa limelowa mafuta machafu ya injini. La nne lilikuwa mkononi mwa fundi mwenyewe, nusu yake. Blanketi lilikuwa limetandikwa chini ya pikipiki. Shati la posta lilikuwa limechanwa vipande, na alivyovipata ni kola na mfuko mmoja wenye kifungo.

Alirudi amevikumbatia vyote, gauni limechafuka kifuani. Mzee alivitazama bila kuvigusa, kisha akachukua ule mfuko wenye kifungo, akautia kwenye mfuko wa shati alilovaa. Alisema vilivyobaki vifuliwe, atavifuata. Alikataa kusindikizwa.

Mama Misumari akachukua simu. Mama mkwe alimuuliza kama ana hakika, kwa kuwa wateja wale wawili wameletwa na video hiyo na wengine wako njiani. Aliifuta, watu wake arobaini na ngapi elfu wakatoweka kama hawakuwahi kuwapo. Alitarajia kupata nafuu. Hakuipata. Alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono haina kazi, kisha akaenda uani kuchota maji.

Walifua wote wawili. Bibi alisugua sweta la mafuta kwa sabuni ya unga na majivu, akabadilisha maji mara saba, na bado likabaki na baka jeusi begani. Walipoyaanika kwenye kamba, masweta yalionekana madogo mno, ya watoto wa miaka saba au minane.

Siku tatu baadaye mzee alipokuja, Mama Misumari alimwambia alichofikiria: atajaza mkono ule kwa nguo zilezile, sponji jembamba juu yake, kitambaa kipya juu ya sponji. Mzee akakubali, ila lile sweta lililobaki nusu aliomba apewe.

"Na nikirekodi?" Mama Misumari aliuliza, akiwa tayari anajuta. "Nieleze nilivyokosea. Bila kumtaja mtu."

"Muulize binti yangu," mzee alisema. "Yeye ndiye uliyemchekesha."

Alimwandikia binti jioni ile. Alifuta, akaandika upya, akafuta, akaandika tena mistari minne tu, akaituma. Alama ikaonyesha imesomwa. Jibu halikuja. Halikuja kesho yake, wala wiki iliyofuata, na kochi likamalizika na kupelekwa bila kurekodiwa.

Ameendelea na video. Sasa kabla ya kisu kugusa kitambaa anamuuliza mwenye kochi kama anaruhusu kupigwa picha, na ni nani aliyelitengeneza kwanza. Wengine wanakataa, na hao anawafanyia kazi simu ikiwa mfukoni. Watazamaji wake ni mia mbili, mia mbili na hamsini. Mumewe anasema hiyo ni mitaa miwili mizima, si haba. Naye bado hawezi kutulia: akigonga misumari miwili anakwenda kuangalia simu. Ila haanzi na namba tena. Anafungua kwanza ule ujumbe wa mistari minne, anatazama chini yake, kisha anarudi kwenye nyundo, mama mkwe akimwambia asogee kushoto, mwanga unapotea.